SOMO LA KIKUNDI: Kutoa Nyimbo Ndani ya Kinanda na Kuzitia Kwenye Kompyuta



Tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Safari hii tutazungumza juu ya mali ambayo vikundi vingi vinayo lakini haimo kwenye daftari la mali: nyimbo.

Vikundi vingi vya vijana, vya akina mama na kwaya siku hizi vina kinanda cha umeme, cha kununua au cha kuazima. Kijana anayejua kupiga huketi nacho jioni, anapanga ngoma, besi, piano na nyuzi, na baada ya wiki mbili wimbo uko tayari. Halafu kikundi kinataka kuurekodi vizuri, kiupeleke redioni au kiuuze. Hapo ndipo taabu huanza, maana wimbo umefungiwa ndani ya kinanda na hakuna anayejua kuutoa.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili mwanakikundi aweze:
(a) kueleza kile ambacho kinanda huhifadhi kwa kweli;
(b) kutoa wimbo kwa njia mbili, yaani njia ya maagizo na njia ya sauti;
(c) kuandaa faili ambazo studio yoyote itaweza kuzifungua;
(d) kuweka nyimbo mahali salama, kwa jina la kikundi.

Someni sehemu moja moja. Baada ya kila sehemu, yule anayejua kinanda awaonyeshe wengine kwa vitendo.

1. KWA NINI TUSIACHE WIMBO NDANI YA KINANDA?

Kuna kikundi kimoja cha vijana tunachokifahamu kilichokuwa na nyimbo sita ndani ya kinanda cha kuazima. Mwenye kinanda alipata kazi mjini, akahama nacho. Hakuiba kitu, kinanda kilikuwa chake. Lakini nyimbo sita zilikuwa humo, na zikaenda naye. Kikundi kilikuwa kimechanga pesa za studio kwa miezi mingi. Kikabaki na pesa bila wimbo, na ikabidi kuanza upya kwa kukumbuka.

Hata kinanda kikiwa chenu, hatari ipo. Vinanda vingine havikumbuki wimbo vikizimwa. Kwa mfano Korg Triton, iliyotoka mwaka 1999, hupoteza nyimbo ulizozipanga ukiizima kabla hujazihifadhi kwenye disketi. Stima ikipotea ghafla, ni vivyo hivyo. Korg M1 ya mwaka 1988, ambayo ilienea sana duniani, hutegemea betri ndogo iliyo ndani ili isisahau. Betri ikifa, yaliyohifadhiwa hupotea. Na vinanda vya kisasa pia huibwa, huanguka kwenye pikipiki, na huingiwa na maji paa likivuja.

Ndiyo maana wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo ulio mahali pamoja tu, ndani ya chombo kimoja, ni mali isiyo na daftari.

2. KINANDA HUHIFADHI NINI?

Katika mkutano mmoja, mama mweka hazina alituuliza, "Sasa, hiyo sauti si iko tu hapo ndani? Si mchukue waya muivute?" Swali lake ni zuri, na watu wengi hudhani hivyo. Kumbe ndani ya kinanda hakuna sauti ya wimbo wenu. Kuna maagizo.

Fikirini juu ya chapati. Karatasi iliyoandikwa "unga vikombe vinne, maji vuguvugu, mafuta kijiko" si chapati. Ukimpa mpishi mwingine karatasi hiyo atapika, lakini kwa unga wake na kwa mkono wake. Chapati yenyewe ni kitu kingine; hiyo unaila ilivyo.

Kinanda nacho huandika hivi: kidole kimegusa noti fulani, kwa nguvu fulani kuanzia 1 hadi 127, wakati fulani, kikaachilia, na sauti inayotakiwa ni piano au tarumbeta. Lugha ya maagizo hayo inaitwa MIDI. Ilitolewa mwaka 1983. Kabla ya hapo kila kampuni ya vinanda ilikuwa na lugha yake, na chombo cha kampuni hii hakikuelewana na cha kampuni ile. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliokuwa wakishindana sokoni, waliwavuta wenzao wakubali lugha moja. Januari 1983 kinanda cha Sequential kiliunganishwa na cha Roland mbele ya watu, vikaongea. Lugha hiyo ndiyo inayotumika hata leo, kwa hivyo kinanda cha miaka thelathini iliyopita bado kinaweza kuongea na kompyuta ya leo.

MIDI ina chaneli 16 kwa waya mmoja. Fikirini barabara yenye leni 16: piano leni yake, besi leni yake, ngoma leni yake. Mwaka 1991 kulikubaliwa mpango unaoitwa General MIDI, unaopa sauti 128 nambari maalumu. Piano ni nambari 1, besi ni nambari 33, na ngoma hukaa chaneli ya 10. Kwa hivyo wimbo ulioandikwa kwa mpango huu ukifunguliwa kwingine, piano hubaki piano. Lakini haitakuwa piano ile ile ya kinanda chenu, maana mpishi amebadilika.

Jambo kubwa la somo letu ni hili: toeni vyote viwili, maagizo na sauti. Maagizo yatawawezesha kurekebisha kesho. Sauti itawahifadhia wimbo kama mlivyousikia wenyewe.

3. VIFAA VINAVYOHITAJIKA

(a) Kinanda na kitabu chake cha maelezo. Kama kitabu kimepotea, tafuteni kwa jina na nambari ya kinanda. Kampuni nyingi huviweka kwenye intaneti bila malipo.

(b) Laptopu. Si lazima iwe ya bei, lakini betri yake iwe nzima. Mtaona baadaye kwa nini.

(c) Kisanduku cha kuingizia sauti, chenye matundu mawili ya kuingiza, kinachounganishwa na laptopu kwa waya wa USB. Msitumie tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu hilo limetengenezewa sauti hafifu ya maikrofoni, na mara nyingi hupokea upande mmoja tu. Sauti ya kinanda ni nzito kwake, nayo itapasuka. Kisanduku hiki kinaweza kuazimwa, au vikundi viwili vitatu vikashirikiana kukinunua.

(d) Waya mbili za jeki nene, ile ya milimita 6.35, za kutoka kwenye kinanda hadi kwenye kisanduku.

(e) Waya wa USB wa kinanda, au waya wa MIDI wenye pini tano kwa vinanda vya zamani. Hapa wengi hukosea. Tundu la USB la mraba lililo nyuma ya kinanda, kwa vinanda vingi, hupitisha maagizo tu, si sauti. Viko vichache vinavyopitisha sauti pia. Kitabu cha maelezo kitawaambia.

(f) Hedifoni, flashi mbili, daftari na kalamu.

(g) Programu ya kurekodia. Audacity ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000, nayo inatosha kwa njia ya sauti. Lakini si ya kupanga maagizo ya MIDI. Kwa kazi hiyo kuna Reaper, Cubase, FL Studio na nyinginezo. Kabla ya kununua yoyote, ulizeni studio mtakayokwenda inatumia gani.

4. KABLA YA KUUNGANISHA WAYA

Kwanza, imbeni. Kikundi chote kisimame kiimbe pamoja na kinanda, mwanzo hadi mwisho. Je, wimbo uko juu sana kwa sauti ya kwanza? Mwendo unawakimbiza akina mama? Badilisheni sasa, maana ndani ya kinanda ni kubonyeza kitufe tu. Ukishageuka kuwa sauti, kubadilisha ufunguo au mwendo ni kazi ngumu na huharibu ubora.

Pili, andikeni karatasi ya wimbo. Iwe na jina la wimbo, mtunzi, ufunguo, mwendo kwa mapigo ya dakika, na orodha ya traki. Traki ni njia moja ya sauti: besi traki moja, piano traki moja. Mfano:

Mwendo: 96. Ufunguo: G.
Traki 1: ngoma. Traki 2: besi. Traki 3: piano. Traki 4: gitaa la solo. Traki 5: nyuzi. Traki 6: tarumbeta.

Tatu, wekeni mapigo manne ya kuhesabia mwanzoni mwa wimbo, ta-ta-ta-ta, kwa sauti kavu kama ya fimbo. Mapigo hayo yawe kwenye kila traki, si ya ngoma peke yake. Mtayahitaji.

Nne, hifadhini wimbo ndani ya kinanda chenyewe kabla ya kugusa kitu kingine.

5. NJIA YA KWANZA: MAAGIZO

Hatua ya 1. Kwenye kinanda tafuteni mahali pa kuhifadhi, palipoandikwa SAVE, na mchague aina inayoitwa SMF, au Standard MIDI File. Faili ya aina hiyo huishia na herufi MID. Msihifadhi kwa muundo wa kinanda peke yake, maana programu ya kompyuta haitaufungua.

Hatua ya 2. Mkiulizwa Type 0 au Type 1, chagueni Type 1. Type 0 hurundika chaneli zote kwenye traki moja. Type 1 huziacha zikiwa mbalimbali. Kama kinanda chenu kinajua Type 0 tu, msife moyo. Programu nyingi zinaweza kuzitenganisha baadaye kwa kufuata chaneli.

Hatua ya 3. Hifadhini kwenye flashi, mfungue kwenye kompyuta. Kwa vinanda vya disketi, itabidi kuazima kisomaji cha disketi chenye waya wa USB, maana laptopu za leo hazina mlango huo.

Hatua ya 4. Kama kinanda hakina flashi wala disketi, tumieni waya wa MIDI. Tundu la OUT la kinanda liende kwenye IN ya upande wa kompyuta. Ukiunganisha OUT kwa OUT hakuna kitakachopita. Bonyezeni kurekodi kwenye programu, kisha mcheze wimbo kwenye kinanda. Maagizo yatamiminika ndani.

Hatua ya 5. Sikilizeni kwenye kompyuta. Msishtuke sauti zikiwa za ajabu, mpishi ni mwingine. Mnachokagua ni kama noti zote zipo na kila traki iko mahali pake.

Faili hii ni ndogo mno. Wimbo mzima hauzidi sana picha moja ndogo ya simu. Unaweza kuutuma kwa simu hata mahali penye mtandao hafifu.

6. NJIA YA PILI: SAUTI, TRAKI MOJA KWA WAKATI

Watu wengi huunganisha kinanda, wakacheza wimbo wote mara moja, wakarekodi. Wakifika kwa fundi wa kuchanganya sauti, wanamwambia, "Kaka, ngoma ziko juu, ziteremshe kidogo." Fundi hawezi. Ngoma, besi na piano zimeshaungana, kama chai iliyokwisha tiwa sukari. Hutoi tena sukari humo.

Kwa hivyo tunatoa traki moja, halafu nyingine, na nyingine.

Hatua ya 1. Chomekeni waya kwenye matundu ya nyuma ya kinanda yaliyoandikwa L/MONO na R, hadi matundu mawili ya kisanduku. Sauti pana kama piano na nyuzi zirekodiwe kwa waya zote mbili. Besi hutosheka na moja, ile ya L/MONO, na waya wa R uchomolewe kwa muda.

Hatua ya 2. Kwenye programu chagueni 44,100 kwa sekunde na biti 24. Nambari ya kwanza ni ile inayotumika kwenye CD. Ya pili hutoa nafasi ya kutosha ili msilazimike kurekodi kwa sauti ya juu.

Hatua ya 3. Zimeni mwangwi wa jumla kwenye kinanda. Mwangwi huongezwa wakati wa kuchanganya, lakini ukisharekodiwa hautoki. Kama sauti yenyewe imejengwa juu ya madoido, mfano gitaa la kukwaruza, hayo yaacheni.

Hatua ya 4. Pimeni kiwango. Chezeni sehemu ya wimbo yenye makelele zaidi, kwa kawaida ni kiitikio. Sauti ya kinanda iwe robo tatu. Kisha rekebisheni kisanduku mpaka kipimo kwenye skrini kiruke kati ya desibeli −12 na −6. Kikifika 0 taa nyekundu itawaka na sauti itapasuka. Sauti iliyopasuka haishonwi, itabidi kurekodi tena.

Hatua ya 5. Kwenye kinanda bonyezeni SOLO ya traki ya ngoma, ili nyingine zote zinyamaze. Bonyezeni kurekodi kwenye kompyuta, kisha chezeni wimbo kuanzia mwanzo. Acheni urekodiwe mpaka mlio wa mwisho ufe wenyewe, msikate haraka.

Hatua ya 6. Fanyeni hivyo hivyo kwa besi, piano na nyingine zote. Kila moja iingie kwenye traki mpya. Kama mna muda, gaweni ngoma pia: ngoma kubwa peke yake, ndogo peke yake, matoazi peke yake. Fundi atawashukuru.

Kuzipanga zianze pamoja

Haiwezekani mikono ya mtu ibonyeze vitufe viwili kwa wakati ule ule kila mara. Traki ya besi itaanza nusu sekunde mapema, piano itachelewa kidogo. Kuna njia mbili za kurekebisha.

Njia rahisi ni yale mapigo manne tuliyoyaweka. Kuzeni picha ya sauti kwenye skrini, mtaona mapigo kama meno manne. Sogezeni kila traki mpaka jino la kwanza la traki zote lisimame kwenye mstari mmoja. Halafu nendeni mwisho wa wimbo mkague tena. Kwa kuwa traki zote zimetoka kwenye kinanda kimoja kwa mwendo ule ule, zikianza pamoja kwa kawaida zitamaliza pamoja.

Njia ya pili ni kuacha kompyuta iongoze. Programu kama Reaper na Cubase zinaweza kutuma mapigo ya MIDI, 24 kwa kila pigo moja la wimbo. Kwenye kinanda tafuteni palipoandikwa CLOCK, mbadilishe kutoka INTERNAL kwenda EXTERNAL, MIDI au USB. Kuanzia hapo mkibonyeza kurekodi kwenye kompyuta, kinanda kinaanza chenyewe. Mkimaliza, rudisheni INTERNAL. La sivyo, siku ya ibada au harusi kinanda kitakaa kikingojea kompyuta isiyokuwepo, na mpigaji atatokwa na jasho bure.

Hesabu ya nafasi na muda

Mweka hazina apige hesabu hii. Dakika moja ya traki ya upande mmoja, kwa biti 24, hula karibu megabaiti 8. Traki ya pande mbili hula 16. Tuseme wimbo wa dakika 4 una traki 6 za upande mmoja na 4 za pande mbili:

6 × 8 × 4 = 192
4 × 16 × 4 = 256
Jumla: megabaiti 448.

Flashi ya gigabaiti 8 itabeba nyimbo zaidi ya 15 za namna hiyo.

Muda nao: traki 10 za dakika 4 ni dakika 40 za kucheza tu, na matayarisho huifanya iwe zaidi ya saa moja. Tuseme, kwa mfano tu, studio inatoza shilingi 1,000 kwa saa. Nyimbo sita ni zaidi ya shilingi 6,000 za kumwangalia fundi akibonyeza kitufe. Kazi hiyo mkiifanya wenyewe nyumbani, pesa hizo zitalipia kurekodi sauti za waimbaji, ambako maikrofoni nzuri na chumba kimya vinahitajika kweli.

7. MATATIZO YA KAWAIDA

Kuna mlio wa "zzzz" kwenye rekodi. Chomoeni chaja ya laptopu, mtumie betri. Mara nyingi mlio unatoka kwenye chaja. Hii ndiyo sababu tulisema betri iwe nzima.

Kila noti inasikika mara mbili. Maagizo yanatoka kwenye kinanda, yanapita kwenye kompyuta na kurudi. Zimeni LOCAL kwenye kinanda wakati wa kazi ya MIDI, na mkimaliza iwasheni.

Kwenye kompyuta sauti zote zimekuwa piano. Nambari za sauti hazikuandikwa mwanzoni mwa wimbo. Fuateni karatasi yenu ya wimbo, mchague sauti upya kwa kila traki.

Ngoma zinasikika kama mtoto anayechezea piano. Haziko kwenye chaneli ya 10. Zihamisheni.

Hakuna sauti kabisa. Angalieni kwanza sauti ya kinanda isiwe chini, kisha kama programu imechagua kile kisanduku au bado inasikiliza maikrofoni ya laptopu.

8. KUCHANGANYA SAUTI KWA UFUPI

Kama mna fundi, mpeni kazi yake. Kama mnajaribu wenyewe, fuateni utaratibu huu. Teremsheni traki zote. Pandisheni ngoma na besi kwanza mpaka zishikane. Ongezeni piano, kisha gitaa na nyuzi, kidogo kidogo. Sauti za waimbaji zije juu ya vyote, maana watu husikiliza maneno.

Kitu kisiposikika, msikimbilie kukipandisha. Teremsheni kile kinachokifunika. Piano na gitaa zikigombana, sogezeni moja kushoto kidogo na nyingine kulia, lakini besi na ngoma kubwa zibaki katikati. Mwishowe sikilizeni kwenye simu, kwenye redio ndogo na kwenye gari. Wimbo unaosikika vizuri kwenye hedifoni peke yake haujawa tayari. Na masikio yakichoka, laleni, mtaamua kesho.

9. KUHIFADHI MALI YA KIKUNDI

Mkishapanga traki, toeni kila moja kama faili ya WAV, na zote zianzie sekunde ya sifuri, hata kama tarumbeta huingia dakika ya tatu. Hapo studio yoyote, yenye programu yoyote, itazifungua na zitajipanga zenyewe. Msitoe kwa MP3, maana MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo.

Pelekeni faili kwa majina yanayoeleweka: jina la wimbo, nambari ya traki, chombo, mwendo. "Mwisho mpya kabisa 2" si jina.

Wekeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwa katibu, moja kwa mlezi wa kikundi, na nyumba ziwe tofauti. Kila nakala iwe na faili za MIDI, faili za WAV na picha ya karatasi ya wimbo. Kila baada ya miezi sita mtu azifungue kuona kama bado zinacheza, maana flashi nazo hufa.

Pia andikeni makubaliano kabla ya kwenda studio, si baada ya ugomvi. Nani ametunga maneno na sauti? Nani analipa? Nani atabaki na faili za traki? Wimbo ukiuzwa, mgao ni upi, na yule kijana wa kinanda anapata nini? Yaandikwe kwenye kitabu cha mikutano na yatiwe sahihi pande zote, pamoja na mwenye studio. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya wimbo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Haki ya rekodi nayo hudumu miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Huo ni urithi wa watoto wenu. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya huandikisha kazi na kutoa cheti, jambo linalosaidia ukizuka ubishi.

Mpigaji kinanda asionekane kama mshukiwa tunaposema haya. Yeye ndiye aliyekesha. Makubaliano yanamlinda yeye kama yanavyokilinda kikundi.

10. KAZI YA KIKUNDI

Chagueni wimbo mmoja mfupi wenye traki nne tu. Mutoe kwa njia zote mbili kabla ya mkutano ujao. Watu wawili wafanye kazi na wawili watazame, kisha wabadilishane, ili ujuzi usikae kwa mtu mmoja.

Maswali ya kujadili:

1. Kinanda chetu kikiibwa usiku wa leo, tutabaki na nyimbo ngapi?
2. Ni nani katika kikundi anayejua zilipo faili zetu? Akihama, ni nani mwingine?
3. Kuna tofauti gani kati ya faili ya MIDI na faili ya WAV? Mmoja aeleze kwa mfano wake mwenyewe, si wa chapati.
4. Je, mtunzi na mpigaji wetu wameandikwa mahali popote?
5. Tungeshirikiana na kikundi gani cha jirani kununua kisanduku cha sauti?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaandikwe kwenye kitabu cha mikutano, pamoja na tarehe. Na orodha ya nyimbo iingie kwenye daftari la mali, chini ya viti, sufuria na tenti.